Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Bagamoyo na utalii wa mtandaoni wakati wa janga

Mwaka 2020, kuanzia katikati ya Machi hadi Juni inaisha, wakati wa janga la Korona, Bagamoyo haikufungwa. Watu wengi wa nje hawalijui hilo, na wakilijua hulielewa vibaya. Soko la samaki kule ufukweni, karibu na jengo la zamani la forodha, liliendelea kunadi kila mashua ilipoingia. Pweza walikaangwa. Bodaboda zilipita. Aliyekosekana alikuwa mtu mmoja tu, mgeni. Watembeza wageni waliozoea kukaa karibu na Boma la Wajerumani wakingoja basi la wanafunzi au gari la watalii kutoka Dar es Salaam walifika asubuhi, wakakaa, wakarudi makwao jioni bila ya kumtembeza mtu.

Miezi hiyohiyo, kwingineko duniani, mamilioni ya watu walikuwa ndani ya nyumba zao kwa amri. Italia nzima ilijifungia Machi 9, Uingereza Machi 23. Watu hao wakageukia skrini. Wakatembelea makumbusho, mbuga na miji ya kale kwa video, kwa picha zinazozunguka nyuzi 360, na waliojiweza kwa miwani ya uhalisia pepe, inayomfanya mtu ajione yuko palepale. Huo ndio utalii wa mtandaoni. Tangu wakati ule nimesikia kauli moja ikirudi kwenye semina na kwenye maongezi ya watu wa utalii: kwamba dunia ilipohamia mtandaoni, miji kama Bagamoyo ililala, na kwamba watembeza wageni wake walipoletewa habari hiyo waliinunia kwa sababu wanaogopa teknolojia.

Nimekaa na watembeza wageni hao kwa muda mrefu. Naona hawakusikilizwa. Walikuwa na hoja, na hoja yao ni nzito kuliko ilivyopewa nafasi. Pia kuna mahali walipokosea, na nitafika huko.

Kwanza niwatendee haki wanaoutetea utalii huu, maana nao hawakuamka tu siku moja wakabuni mchezo. Aprili 2020, Visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Atlantiki, viliwavika wenyeji kofia zenye kamera. Mtu aliyefungiwa chumbani alishika simu yake, akabonyeza mshale, na yule mwenyeji akageuka kushoto, akapanda kilima, akakimbia, akaruka. Hakutozwa kitu. Mtu asiniambie kwamba hilo halikumfariji aliyekuwa peke yake wiki ya sita bila kugusana mkono na mtu. Tangu 2015 Kisiwa cha Robben, ambako Nelson Mandela alifungwa miaka 18, kinaweza kutembelewa mtandaoni, na anayekutembeza ni mtu aliyewahi kuwa mfungwa humohumo. Asiye na nauli ya kufika Afrika Kusini anaingia. Anayetembelea kiti cha magurudumu anaingia. Makumbusho ya Louvre jijini Paris iliweka mtandaoni habari za vitu vyake zaidi ya 480,000 mnamo Machi 2021, bure.

Kuna na suala la hifadhi, na hapo sina ubishi hata kidogo. Wataalamu wa mradi uitwao Zamani, wa Chuo Kikuu cha Cape Town, walizipima kwa miale ya leza kuta za Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ukuta kwa ukuta. Magofu hayo yalikaa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014, na kila msimu wa mvua ulikuwa na uwezo wa kuondoka na kipande. Nyumba za mawe za Bagamoyo zimejengwa kwa matumbawe na chokaa vilevile. Chumvi inazila, mizizi inazipasua. Ukuta ukianguka kabla haujapimwa, hakuna fundi atakayeurudisha kama ulivyokuwa. Anayekuja na kifaa cha kupimia kuta hizi, na aje kesho.

Halafu kuna ugonjwa wenyewe. Pwani hii inajua kwamba mgeni hubeba zaidi ya mzigo wake. Kipindupindu cha 1869 na 1870, kilichoua watu kwa maelfu Zanzibar na miji ya mwambao, kilisafiri kwa njia zilezile za misafara na majahazi zilizoleta pembe na nguo. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakati wa maradhi ya kuambukiza msemo huo unageuka ukakutazama: mgeni njoo, mwenyeji augue. Anayesema kwamba kwa mwaka mmoja au miwili ni heri mgeni atazame kutoka kwao, hasemi jambo baya.

Basi kama hoja ni nzuri kiasi hicho, mbona Bagamoyo haikuipokea?

Jibu la kwanza liko kwenye yale niliyoanza nayo. Utalii wa mtandaoni ulipendwa na watu waliofungiwa ndani. Kwao skrini ilikuwa dirisha. Watu wa Bagamoyo hawakufungiwa. Walikuwa na bahari yao, na magofu yao, na jua lao, na wangeweza kuyaona hata mara kumi kwa siku. Walichofungiwa ni mlango ambao riziki huingilia. Ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa Aprili 12, zikarudi kuruhusiwa Mei 18. Shule zilifungwa Machi 17; vyuo na kidato cha sita wakarudi Juni 1, wengine Juni 29. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230 kutoka nje. Mwaka 2020 wakawa 620,867. Kwa kila wageni kumi wa mwaka uliotangulia, hata watano hawakufika, walifika wanne. Mwenye njaa ya kufungiwa mlango ukimpelekea habari za dirisha, hatakushukuru, na huko si kuogopa teknolojia. Vijana hawa wote wana simu, na wengi walikuwa wakizungumza na wateja wao wa zamani kwa WhatsApp wakati wote ule wa ukimya.

Jibu la pili ndilo lililonifanya niandike. Mtu anayetazama Bagamoyo kwenye simu hasikii kiu.

Mfuate mgeni mmoja siku moja uone. Anatoka Dar es Salaam, kilomita sabini na kitu, anashuka stendi. Anachukua bajaji hadi Mji Mkongwe. Anaanza kutembea Mtaa wa India akitazama milango ya kuchonga, na saa nne ile jua la pwani limekwisha kumpiga kisogoni. Chupa ya maji aliyokuja nayo inakwisha kabla hajamaliza kusikiliza habari za Boma. Ananunua dafu. Hakuna mtu aliyetoka Dar es Salaam akiwa amepanga kununua dafu. Amelinunua kwa sababu koo limekauka na mkokoteni wa madafu uko pale. Hela hiyo inagawanyika kati ya muuzaji, aliyeupanda mnazi, mwenye shamba, na aliyelisukuma toroli. Sasa kachoka kidogo, anakaa kivulini kwenye kibanda cha mchonga vinyago. Hakwenda kununua kinyago, alikwenda kukaa. Lakini mtu aliyekaa hutazama, na aliyetazama huuliza bei. Mchana njaa inamuuma na harufu ya samaki inamvuta sokoni. Mama lishe anamwekea wali wa nazi na changu. Baada ya kula anataka kwenda kwenye magofu ya Kaole, na Kaole ni kama kilomita tano kusini mwa mji, hawezi kutembea na tumbo lile. Bajaji tena, na safari hii dereva anamngoja, na kungoja kuna bei yake. Anarudi jioni, anaona giza linaingia, anaamua kulala.

Katika yote hayo, iliyoandikwa kwenye mpango wa safari ni tiketi ya kuingilia. Mengine yote yamezaliwa na mwili wake: kiu, joto, uchovu, njaa, giza. Na ile tiketi, pamoja na umuhimu wake, haiendi kwa muuza madafu.

Hapa ndipo ninapoona wachambuzi wengi walipoteleza. Wanapohesabu faida ya utalii wa mtandaoni wanauliza tu kama mtazamaji anaweza kutozwa kiingilio, na kama mandhari inaweza kuonyeshwa vizuri. Yote mawili yanawezekana, sibishi. Lakini ni yaleyale mawili ambayo mji unafaidi kidogo kutokana nayo. Ukiyachukua hayo ukayaweka mtandaoni, umeuza tiketi na umeuza sura ya mji, na umeacha nje kila kitu kilichokuwa kikimlisha mtu wa Bagamoyo. Mtazamaji akisikia kiu anafungua friji yake mwenyewe. Akisikia njaa anaagiza chakula kwa jirani yake. Akichoka anazima.

Jambo hili linawagusa zaidi wanawake, na halitajwi. Anayepika wali ni mwanamke, anayekanda chapati ni mwanamke, anayeuza kashata na ubuyu kwenye geti ni mwanamke au mwanawe. Chukua basi moja la shule ya msingi, watoto sitini, kila mmoja amepewa na mama yake elfu moja au elfu mbili ya safari. Zile hela ndogo zinaisha zote kabla basi halijarudi barabarani: kashata, muhogo wa kukaanga, kipande cha muwa, juisi ya kwenye mfuko. Kwa macho ya wizara ni basi la wanafunzi tu, kiingilio chake ni kidogo. Kwa mama mwenye beseni la kashata ni ada ya mtoto. Walimu wakiamua kwamba watoto wataoneshwa Kaole kwa projekta, mwalimu amefanya kazi yake vizuri, watoto wamejifunza, na beseni limerudi nyumbani limejaa.

Nalirudia hili la kiu kwa sababu ndilo lililoujenga mji huu tangu mwanzo. Bagamoyo ya karne ya kumi na tisa ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora. Maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitembea miezi mitatu hivi wakiwa na pembe za ndovu mabegani, na walipofika waliufikia mji ambao kazi yake ilikuwa kuwapokea watu waliochoka. Walihitaji ua wa kulala, maji, chakula, nguo, mtu wa kuwatibu miguu. Karavanserai, jengo la kupokelea misafara lililopo hadi leo, inakumbusha kazi hiyo. Ni mji uliojengwa juu ya miili iliyofika. Hata Livingstone, mmisionari na mvumbuzi Mskoti aliyefia Chitambo, katika Zambia ya leo, mwaka 1873, alifika Bagamoyo akiwa mwili. Watumishi wake Chuma na Susi na wenzao walimbeba kwa zaidi ya kilomita 1,500, na mwezi Februari 1874 akalazwa kwenye kanisa la misheni ya Wakatoliki kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Watu wale wangeweza kupeleka barua tu kwamba mzee amefariki. Walibeba mwili.

Na jina lenyewe. Bwaga moyo. Mtembeza wageni mzuri atakuambia kuna maelezo mawili. La kwanza ni la mpagazi: tua mzigo, tulia, safari imekwisha. La pili ni la mtumwa: uache moyo wako hapa, kwani hutarudi. Wanahistoria wengi wanaona la kwanza ndilo lenye ushahidi zaidi, kwa kuwa mji huu uliishi hasa kwa pembe na wapagazi, na bandari iliyotoa watumwa wengi zaidi kwa upande huu ilikuwa Kilwa. Lakini la pili limekwisha kushika mizizi, na huwezi kumnyamazisha mtu anayelibeba.

Sasa mtazame mtembeza wageni anavyolitumia. Akiwa na watoto wa darasa la sita anawaeleza habari za wapagazi, anawataka mmoja wao abebe jiwe zito atembee nalo, wote wanacheka, na wameelewa. Akiwa na mgeni Mmarekani mweusi ambaye ameanza kutokwa na machozi kwenye ua wa Karavanserai, ananyamaza kwanza. Baadaye, polepole, anamweleza kwamba wengi waliopitishwa kwenye pwani hii walipelekwa Zanzibar na Pemba, Uarabuni na visiwa vya Bahari ya Hindi, na kwamba huenda njia ya wazee wake ilikuwa ya upande mwingine wa bara. Kuna namna ya kulisema hilo bila kumpokonya mtu kilio chake. Namna hiyo haiandikwi kwenye karatasi. Inasomwa usoni.

Video haisomi uso. Video iliyorekodiwa itachagua maelezo moja, na mara nyingi litakuwa lile la majonzi, maana ndilo linalomshika mtazamaji. Likisikilizwa na watu laki moja linakuwa ndilo ukweli, na kijana wa Bagamoyo anayeleta lile jingine ataambiwa na mgeni kwamba hajui historia ya kwao. Watembeza wageni waliponiambia wanaogopa kwamba hadithi itagandishwa, nilidhani wanatafuta sababu. Siku hizi nadhani waliona mbali kuliko mimi.

Namjua kijana mmoja aliyezunguka siku nzima na watu wa kamera. Aliwaonyesha kila kona, akawaeleza kila mlango. Walimpa nauli na chakula cha mchana, wakaagana vizuri. Video ilipotoka, sauti iliyosimulia haikuwa yake na maneno yalikuwa yake, hata ule utani wake mdogo kuhusu ngazi za Boma. Jina lake halimo popote. Hakuwa na mkataba, kwa hiyo hana mahali pa kwenda kulalamika. Mtu kama huyo ukimwambia tena kuhusu utalii wa mtandaoni na akakunja uso, tafadhali usimwandike kwamba anaogopa maendeleo.

Hata hivyo palikuwa na woga mmoja ambao haukutimia, na mimi mwenyewe nilikuwa nao. Tuliogopa kwamba watu wakizoea kutazama hawatakuja tena. Takwimu zimekataa. Watalii kutoka nje walifika 1,454,920 mwaka 2022 na 1,808,205 mwaka 2023, na hawa wa 2023 ni wengi kuliko wa kabla ya ugonjwa. Oktoba 2020 kule Peru, magofu ya Machu Picchu yalifunguliwa kwa ajili ya mtu mmoja, Mjapani aliyekuwa amekwama nchini humo kwa miezi kama saba akingoja. Picha za mahali pale zimejaa mtandaoni kuliko karibu gofu lolote duniani. Yeye alingoja apakanyage. Na watu wengi waliofungiwa majumbani walipoulizwa waliusema utalii wa skrini kama kitulizo cha muda na kionjo cha safari ya baadaye, si badala yake. Kwa hiyo anayesema kwamba video nzuri ya Kaole inaweza kumleta mtu Kaole anasema kweli, na wenzangu wa Bagamoyo wangefaa walikubali hilo waziwazi. Wanaligomea kwa mazoea tu.

Liko na la pili, na hili ndilo linalonisumbua hasa. Tunapozungumza juu ya mgeni, wote tunamwona mtu wa kushuka ndege. Lakini kuna mtoto wa Kasulu na wa Sumbawanga, wa Urambo na Sikonge, ambaye huenda babu wa babu yake ndiye aliyebeba ile pembe. Hajawahi kuona bahari na nauli ya kuja kuiona haipo. Kumwonyesha huyo kwa skrini hakumnyimi mtu wa Bagamoyo kitu, kwa sababu asingekuja. Kumnyima mtoto huyo ni kumpokonya historia ambayo ni yake zaidi kuliko ilivyo yangu. Hapa watetezi wa utalii wa mtandaoni wana haki yote, na natamani wangeanza na huyu mtoto kabla ya kumfikiria mtu wa London.

Lakini naye tumfikirie mahali alipo. Video ya nyuzi 360 yenye picha safi inakula bando kama moto. Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilipoanza kutumika, malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba Serikali ilizisitisha. Ukiweka Kaole mtandaoni ukadhani umemfikia mtoto wa Urambo, umemfikia mwenye hela ya bando. Mtoto yule atafikiwa kwa flashi inayopelekwa shuleni na mwalimu, ikachomekwa kwenye kompyuta moja ya shule, na kwa kipindi cha televisheni. Ni njia za kizamani kidogo, lakini zinafika.

Kuhusu malipo, mfano wa Faroe haufai kuigwa hapa, kwa kuwa ule ulikuwa tangazo la nchi na mtazamaji hakutoa senti. Wa Airbnb, kampuni ya kupangisha malazi kwa mtandao, ulioanza Aprili 2020, unakaribia zaidi: mwenyeji yuko hai mbele ya kamera, watazamaji wachache wamelipa, wanauliza, anajibu. Hapo kuna uso wa kusomwa, japo mdogo. Kuna sauti ya mtu mwenye jina. Nimeona hata wale waliokuwa wakali zaidi wakilegea wanapoelezwa namna hii, halafu wanauliza swali la mtu mwenye akili: hela itanifikiaje? Ni swali la haki. Mtu wa Bagamoyo alikuwa na pochi ya simu mfukoni, na huduma kubwa ya malipo ya kimataifa kama PayPal ilimruhusu Mtanzania kulipa ila haikumruhusu kupokea. Vijana walioambiwa wamelala walikuwa wamekwisha kufika kwenye kizuizi hicho na kugonga.

Ninavyoona mimi, kinachowezekana na chenye heshima ni hiki. Kupima na kurekodi kuta kwa ajili ya hifadhi kufanyike bila kungoja ugonjwa mwingine. Matembezi ya mtandaoni yanayouzwa kwa watu wa nje yafanywe na mtembeza wageni mwenyewe, akiwa hai, kwa jina lake, kwa mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili. Kile kinachorekodiwa kikabaki kiwe cha shule, na kibebe maelezo yote mawili ya jina la mji. Na pakitokea tena miezi ambayo wageni hawaji, sehemu ya pato la matembezi hayo iwafikie wanaoishi kwa kiu ya wageni. Mama mwenye beseni hana kamera na hatakuwa nayo. Namna ya kumfikishia inaweza kupangwa na halmashauri na vikundi vya akina mama ambavyo tayari vipo.

Hali hiyo itarudi. Marburg, homa kali ya virusi, iliingia Kagera mwaka 2023, ikatangazwa tena mkoani humo Januari 2025. Safari zote mbili ilidhibitiwa, na watu wa utalii nchi nzima waliisikiliza habari ile wakiwa wameshika roho. Tunao muda wa kupanga kabla ya nyingine.

Kuna jambo moja ambalo sijapata jibu lake. Pale Kaole, msikiti wake ni wa karne ya kumi na tatu, na baadhi ya makaburi yana nguzo zenye alama za bakuli za Kichina zilizokuwa zimepachikwa. Watembeza wageni humwambia mgeni auzunguke mbuyu apate umri mrefu, na mgeni anazunguka akicheka. Lakini kati ya makaburi yale yamo ambayo watu huyazuru hadi leo kwa dua. Siku ya ziara unakuta ubani, unakuta mtu kainama. Mgeni mwenye mwili anaona, anasimama mbali, anavua kofia bila kuambiwa. Kamera inayozunguka nyuzi 360 haisimami mbali na haigeuzi uso. Je, ipite pale au isipite? Ipite saa ngapi? Nani atoe ruhusa, Serikali inayosimamia mambo ya kale, au familia na wazee wanaowasomea dua maiti wao?

Sijui kama kuna aliyewahi kuwauliza wazee hao. Anayetaka kuanza aanzie kwa watembeza wageni, maana wao ndio wanaojua ni siku gani kaburi lina watu na mzee gani wa kuendewa kwanza. Wako pale karibu na Boma kuanzia saa mbili asubuhi.